Simu za Intaneti Zisizuiwe, Lakini Kijiji Kisisahauliwe

Mwishoni mwa mwezi Mei 1985 wajumbe kutoka pande nyingi za dunia walikutana mjini Arusha kuzungumzia maendeleo ya simu. Mbele yao ilikuwapo taarifa ya tume iliyoundwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, chini ya uenyekiti wa Sir Donald Maitland wa Uingereza. Taarifa hiyo ilieleza, pamoja na mengine, kwamba jiji moja la Tokyo lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Tume haikuishia kwenye masikitiko. Ilipendekeza kwamba sehemu ndogo ya mapato ya simu zinazopigwa baina ya nchi zenye viwanda na nchi zinazoendelea itengwe, na itumike kujenga mitambo katika nchi zisizokuwa nayo. Msingi wa pendekezo hilo ulikuwa mwepesi kueleweka: yule anayenufaika na mazungumzo amchangie yule ambaye bado hana njia ya kuzungumza.

Miaka 40 imepita tangu mkutano ule, na simu imebadilika kuliko walivyoweza kufikiri wajumbe wale. Lakini swali lao limerudi likiwa limevaa nguo mpya. Leo karani wa ofisi ya Dodoma huzungumza na ndugu yake aliye London kwa nusu saa nzima, uso kwa uso, kwa kutumia programu kama WhatsApp, na hakuna anayemhesabia dakika. Wakati huo huo yuko mwalimu ambaye, ili apate mtandao, hana budi kupanda kilima kilicho nyuma ya shule, na mvua ikinyesha hapati hata huo. Watu hawa wawili ni watumishi wa Serikali moja, na hujaza taarifa za kazi zao katika mifumo ile ile ya kielektroniki. Simu ya intaneti imemfikisha mmoja wao London, na mwingine haijamfikisha hata makao makuu ya wilaya yake.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima la kanuni za simu za intaneti katika nchi kama Tanzania. Wapo wanaotaka simu hizo zidhibitiwe kwa sababu zinayala mapato ya makampuni na ya Serikali. Wapo pia wanaotaka ziachwe zijiendee zenyewe, kwa hoja kwamba maendeleo ya teknolojia hayazuiliki. Kila upande umeshika nusu ya ukweli. Upande wa kwanza humsahau mwananchi anayepiga simu, na wa pili humsahau mwananchi asiyeweza kupiga.

Kutoka opereta hadi bando

Wazee wa utumishi wanalikumbuka Shirika la Posta na Simu, lililoanzishwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kupiga simu ya mbali kulikuwa na taratibu zake: kumwomba opereta laini, kusubiri, na pengine kurudi nyumbani bila ya kuongea. Aliyetaka simu nyumbani kwake aliandika barua ya maombi na kungoja kwa miaka. Mwaka 1993 sheria mpya ilitenganisha shughuli za simu na za posta, na kampuni ya simu, TTCL, ikaanza kazi mwaka 1994. Mwaka huo huo simu za mkononi zikaingia nchini. Mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa za TTCL ziliuzwa kwa wawekezaji kutoka nje, na kampuni hiyo ikapewa haki ya peke yake, kwa miaka minne, ya kupitisha simu za kimataifa.

Haki hiyo ilikoma Februari 2005. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ikaanzisha mfumo mpya wa leseni. Kabla ya hapo leseni ilitolewa kwa kuangalia aina ya mitambo. Tangu hapo ikatolewa kwa kuangalia kazi inayofanywa: kumiliki miundombinu, kuendesha mtandao, kutoa huduma au kurusha matangazo. Mfumo huo haukuuliza tena kama sauti ya mteja inapita katika waya wa shaba, katika hewa au katika intaneti. Uamuzi huo haukupigiwa ngoma, lakini ndio uliofungua mlango wa simu za intaneti nchini.

Matokeo ya jumla ya miaka ile yanajulikana. Mwaka 2000 simu zote za nchi hii, za mezani na za mkononi, hazikufika nusu milioni. Mwaka 2010 laini za mkononi zilikuwa zimepita milioni 20, na kufikia mwisho wa mwaka 2023 zilikuwa zimepita milioni 70, ingawa ikumbukwe kwamba mtu mmoja aweza kuwa na laini mbili au tatu. Nyaya za baharini zilifika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kutandazwa kuelekea mikoani.

Dakika imepoteza thamani

Simu ya zamani ilishika njia moja tangu mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho, na kwa hiyo ikauzwa kwa dakika na kwa umbali. Simu ya intaneti huikata sauti vipande vidogo vidogo, ikavisafirisha pamoja na barua, picha na video za watu wengine, kisha ikaviunganisha tena sikioni mwa msikilizaji. Kwa kawaida mazungumzo ya sauti tupu hayamalizi hata megabaiti moja kwa dakika. Mtandao haujui kama kipande hicho kinakwenda Temeke au Toronto, na wala haujali. Hivyo bei ya umbali imekufa, na bei ya dakika inakaribia kuifuata.

Takwimu za TCRA zenyewe zashuhudia. Ada ambayo kampuni moja ya simu huilipa nyingine kwa kupokea simu ya mteja wake ilikuwa shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013. Mwaka 2018 ikashushwa hadi shilingi 15.60, na mwaka 2022 ikawa shilingi 2 tu. Kwa simu za kimataifa kilio kilianza mapema zaidi. Zamani simu iliyotoka nje iliiletea nchi maskini fedha za kigeni, kwa sababu kampuni ya nchi tajiri ililazimika kuilipa ya huku kwa kila dakika. Mwaka 1997 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, kwa uamuzi wake yenyewe, iliweka kikomo cha malipo hayo, na kwa nchi maskini kikomo kikawa senti 23 za dola kwa dakika. Kisha ikaja Skype mwaka 2003, ambayo nayo imekwisha kufungwa mwezi Mei 2025, na mwaka 2015 WhatsApp ikaanza kupitisha sauti. Mamilioni ya dakika zilizokuwa zikilipiwa zikahama.

Pengo hilo lilizaa pia ulaghai. Wajanja huzipokea simu za kutoka nje kwa njia ya intaneti, wakazipitisha katika kisanduku chenye laini nyingi za humu nchini, zikatokea kwa mpokeaji kana kwamba zimepigwa kutoka mtaa wa pili. Malipo ya simu ya kimataifa hayalipwi. Mwaka 2013 TCRA ilifunga mtambo wa kusimamia mwenendo wa simu, na mahakama za Dar es Salaam zimesikiliza kesi kadhaa za visanduku hivyo. Ni muhimu mambo haya mawili yasichanganywe. Anayeuza simu za watu kwa njia ya magendo ni mhalifu. Mama anayempigia mwanawe aliye masomoni kwa kutumia bando alilolinunua hajavunja sheria yoyote, wala hapaswi kutazamwa kama mwizi wa mapato.

Njia tatu zilizokwisha kujaribiwa

Nchi za Afrika zimekwisha kujaribu njia tatu za kupambana na simu za intaneti, na hapana sababu ya Tanzania kulipia tena somo ambalo wengine wamekwisha kulilipia.

Njia ya kwanza ni gereza. Mwaka 2012 Ethiopia ilitunga sheria ya makosa ya simu iliyoweka kifungo cha miaka 3 hadi 8 kwa mtu atakayetoa huduma ya simu kwa njia ya intaneti. Serikali ya huko ilieleza kwamba ililenga wauzaji wa simu hizo, si mwananchi anayetumia Skype nyumbani kwake. Hata hivyo hofu ilikwisha kuenea. Lengo la kulilinda shirika pekee la simu halikudumu, kwani miaka michache baadaye milango ilifunguliwa, na mwaka 2022 kampuni ya pili ikaanza kazi.

Njia ya pili ni kuzuia. Januari 2016 makampuni ya simu ya Morocco yalizifunga simu za WhatsApp, Skype na Viber. Wananchi wenye jamaa Ulaya walipiga kelele, na wafanyabiashara wakapiga kelele pamoja nao. Novemba mwaka huo huo, mji wa Marrakech ulipokuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa tabianchi, simu hizo zikafunguliwa. Wakazi wa Unguja, Pemba na Tanga wenye ndugu Dubai hawahitaji kusimuliwa adha ya aina hiyo, kwa kuwa Falme za Kiarabu nazo kwa miaka mingi zimezifunga simu za WhatsApp na kuruhusu programu zenye kibali tu.

Njia ya tatu ni kumtoza anayeongea. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii na programu za aina ya WhatsApp. Katika mwaka wa kwanza zilitarajiwa shilingi bilioni 284, zikapatikana bilioni 49.5. Wengine waliacha kutumia, na wengine wakatafuta njia za kujificha. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Tanzania nayo ililionja jambo linalofanana na hilo mwaka 2013, pale kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ilipopitishwa, wananchi wakaikataa, na Serikali kwa busara ikaiondoa.

Njia zote tatu zina kasoro moja: zinamwandama mwananchi kwa kosa la kupata unafuu. Kuzuia unafuu kwa amri ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Sheria za Tanzania hazikuchukua njia yoyote kati ya hizo, na inafaa zibaki hivyo.

Vyaelea vimeundwa

Lakini kazi haijaisha kwa kusema kwamba simu za intaneti zisizuiwe. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Simu inayoitwa ya bure inaelea juu ya mnara, na mnara una saruji, chuma, umeme, mafuta ya jenereta na mlinzi. Mjini kampuni hushindana kuujenga, maana wateja wamejaa chini yake. Kijijini, penye kaya zilizotawanyika na barabara ya masika, hesabu ya mfanyabiashara haikubali. Kwa miaka mingi dakika iliyouzwa ghali mjini ndiyo iliyosaidia kulipia mnara wa kijijini. Dakika hiyo inapokufa, lazima iulizwe ni nini kitakachoshika nafasi yake.

Serikali haikulala katika jambo hili. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao makampuni ya simu huuchangia kutokana na mapato yao, na ambao hutoa ruzuku kwa ujenzi wa minara mahali pasipo na faida. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Hiyo ni kazi kubwa, na kila kijiji kilichopata mnara kinajua tofauti ya jana na leo. Lakini mchango wa makampuni hupimwa kwa mapato, na mapato ya sauti ndiyo yanayonyauka.

Hapa makampuni huleta hoja yao: wenye programu za nje wanatumia barabara ambayo hawakuijenga. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini isipokewe nzima nzima. Makampuni ya simu si yatima. Yanauza bando, na bila ya programu hizo nani angelinunua? Yanapata pia ada za kutuma na kutoa pesa kwa simu, biashara ambayo haikuwapo nchini kabla ya mwaka 2008. Kampuni iliyokwisha kulipwa bando haina haki ya kudai malipo mara ya pili kwa sababu tu mteja amelitumia kwa kuongea badala ya kutazama mpira.

Kwa upande wa wenye programu, Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 kwa watoa huduma za kidijitali walio nje ya nchi. Ni hatua ya haki. Hata hivyo kodi ya namna hiyo hukatwa katika malipo, na programu ya simu isiyomtoza mtumiaji hata senti haina malipo ya kukatwa. Faida yake hutoka katika matangazo na biashara nyingine zinazofanyika mbali na upeo wa mkusanya kodi wa Dar es Salaam. Nchi moja peke yake haiwezi kuyakalisha mezani makampuni makubwa kiasi hicho. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikisema kwa sauti moja zaweza kusikilizwa, na mazungumzo hayo yafaa yaanze. Lakini kijiji hakiwezi kusubiri yamalizike.

Fedha ipo

Ukweli unaosahauliwa katika mjadala huu ni kwamba anayepiga simu kwa intaneti amekwisha kulipa. Bando alilonunua limebeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na juu yake ushuru wa bidhaa wa huduma za mawasiliano, ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa asilimia 17. Hakuna simu ya bure. Dakika ilipokuwa ikififia, bando lilikuwa likikua, na kodi ikakua pamoja nalo. Kwa hiyo fedha ya mnara wa kijijini haihitaji tozo mpya. Inapita kila siku mikononi mwa Hazina, ikichanganyika na fedha nyingine bila ya jina wala anwani.

Jambo la kufanya, basi, ni kuipa jina. Bunge laweza kuamua kwa sheria kwamba sehemu maalumu ya ushuru wa bidhaa unaotozwa katika mawasiliano iende moja kwa moja katika Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kila mwaka, bila ya kungoja huruma ya bajeti. Wachumi wa Hazina hawazipendi fedha zenye kufuli, na wanazo sababu zao: mahitaji ya taifa ni mengi, na kila sekta ikiwa na sanduku lake, Serikali itabaki na funguo bila ya fedha. Lakini barabara zilitengewa tozo ya mafuta, na umeme vijijini ukapata mfuko wake. Hapana aliyesema kwamba taifa limefilisika kwa hilo. Mawasiliano leo yamekuwa barabara ya elimu, afya na utumishi. Mwalimu anayetakiwa kupimwa utendaji wake kwa mfumo wa kompyuta, katika shule isiyo na mtandao, anadaiwa kitu ambacho hakukabidhiwa.

Pamoja na fedha, pawepo na hesabu. Minara inayojengwa kwa ruzuku ya umma ina tarehe za kukamilika katika mikataba. Tarehe hizo zibandikwe katika ofisi za kata, zisomwe katika mikutano ya vijiji, na mtendaji awe na mahali pa kupeleka taarifa iwapo mnara umesimama bila ya kuwaka. Aidha isitoshe kusema kwamba kata ina mnara. Ipimwe kama mnara huo unapitisha intaneti inayotosha mazungumzo, au unapitisha sauti ya kawaida na ujumbe mfupi tu. Kijiji kinachopewa mnara dhaifu kimeachwa katika bei ya dakika, wakati mji umekwisha kuhama.

Na TCRA iendelee kuwabana wenye visanduku vya magendo kwa nguvu zote, huku ikihakikisha kwamba hakuna kampuni inayopunguza kasi ya simu za intaneti kwa siri ili kumrudisha mteja kwenye vocha ya dakika. Mwananchi aliyenunua bando amenunua njia, na ni juu yake kuchagua atakachopitisha, maadamu si cha uhalifu.

Pendekezo la tume ya Maitland lililowekwa mezani Arusha mwaka 1985 lilielekezwa kwa mataifa tajiri. Leo laweza kutekelezwa ndani ya nchi, baina ya mji na kijiji, bila ya kumwomba mfadhili yeyote. Mji umepata unafuu mkubwa, na ni haki yake kuufurahia. Lakini unafuu huo umejengwa juu ya mkongo wa taifa, masafa ya taifa na nyaya zilizopita katika ardhi ya vijiji ambavyo vingine havijaunganishwa hadi sasa. Hilo ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.